Hesabu ya Bwawani

Mwaka jana tulikutana Morogoro, mafundi tuliobaki wa ile karakana ya useremala, kusherehekea miaka hamsini ya ndoa ya mwenzetu Fidelis. Tulikuwa watu saba. Wengine wametangulia, na hata sisi saba si wazima wa kujivunia: huyu haoni jicho la kushoto, yule akitaka kusimama lazima ashike meza kwanza. Misa ilikwisha mapema, tukaketi uani kwa Fidelis kula pilau na kachumbari. Ilipofika zamu ya mazungumzo, Fidelis, ambaye uzee haujampunguzia mdomo, akanigeukia mbele ya watu wote. "Kasiani," akasema, "nimekaa na swali hili miaka mingi. Yule Bi. Tatu wa Mwembesongo, ulimsamehe?" Wake zetu wakaacha kula. Bi. Tatu gani? Alikufanya nini? Nikacheka, nikasema hayo ya zamani bwana, nikaomba nipitishiwe maji. Lakini tangu siku hiyo sijatulia. Naanza kazi ndogo ndogo za nyumbani naziacha katikati, naenda dirishani, narudi. Mke wangu anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndiyo maana nimechukua daftari. Jibu la swali lile ni refu, na halikuweza kusemwa watu wakiwa na pilau mkononi.

Habari za kwetu Mgeta, na namna nilivyoteremka mjini, sitazieleza. Kila mtu wa milimani ana za kwake na zote zinafanana. Nianze na chumba. Kilikuwa cha tatu upande wa kushoto, katika nyumba ya Bi. Tatu yenye vyumba sita na ukumbi mrefu katikati. Kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia shati, sanduku nililolitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya mvule. Dirisha lilitazama uani, na juu ya ukuta wa choo ungeweza kuiona milima ya Uluguru, asubuhi ikiwa na wingu shingoni na mchana ikiwa wazi kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sikuwa mtu wa kukaa. Jioni nikitoka kazini nilikuwa natembea ule ukumbi kutoka mlango wa mbele hadi wa uani, nikirudi, nikienda, mpaka mpangaji wa chumba cha pili, fundi viatu mmoja mpole, akanifungulia mlango na kuniuliza kama nina msiba. Nilikuwa sina msiba. Nilikuwa na nguvu ambazo randa na msumeno havikuzimaliza, na nilihisi kwamba kuna mahali ninapongojwa nami nimechelewa, ila sikujua ni wapi.

Kuogelea nilikujulia milimani, katika vidimbwi vya mto wetu, maji ya baridi yanayouma mifupa. Kwa watoto wa kwetu ule ulikuwa mchezo wa kurukaruka na kutoka mbio. Bruda mmoja wa misheni, aliyetufundisha useremala, ndiye aliyenionyesha kulala juu ya maji kifudifudi, kutupa mkono mmoja baada ya mwingine na kupumulia ubavuni. Nilipohamia mjini nikaligundua bwawa la shamba moja la mkonge, ng'ambo ya Msamvu, lililochimbwa kwa ajili ya maji ya mashine. Msimamizi wa shamba alikuwa amenunua kwetu milango, akanijua, akaniruhusu kuogelea jioni kwa sharti moja: nikifa maji, asisumbuliwe. Halafu, Februari ya mwaka ule, Fidelis akaja kazini na kipande cha gazeti. Kulikuwa na mashindano ya kuogelea kule bandarini Dar es Salaam, mwezi wa kumi, maili mbili. Safari hii yeyote angeweza kuingia, awe karani au mpagazi, bila zawadi ya maana zaidi ya jina lako kusomwa. Ila mashua za kuwalinda waogeleaji zisingengoja wazembe. Kila anayeomba alete, kabla Agosti haijaisha, karatasi iliyotiwa sahihi na mtu wa kuaminika, kwamba ameshaogelea maili mbili kwa muda usiozidi saa moja na dakika kumi.

Tulipima bwawa kwa kamba, mimi na Fidelis. Kutoka ukuta wa nyumba ya pampu hadi magogo ya upande wa pili ilikuwa yadi mia moja na kumi. Kwenda na kurudi ni mzunguko mmoja. Mizunguko minane ni maili, kumi na sita ni maili mbili. Hesabu nyepesi ukiwa nchi kavu. Majini, kichwa kikiwa chini na sikio limejaa, mimi nilikuwa napotea baada ya mzunguko wa sita. Akili yangu ilikwenda inakotaka. Na saa sikuwa nayo.

Saa alikuwa nayo Bi. Tatu. Marehemu mumewe alikuwa gadi wa treni, akamwachia nyumba ile na saa ya mfukoni yenye mnyororo, na kwa sababu ya kuolewa na mtu wa treni Bi. Tatu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, alijua dakika kuliko karani. Alikuwa na umri kama wa miaka hamsini, mnene kidogo, mwenye sauti ya kukatiza barabara. Nilimwomba aniazime ile saa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Saa ya marehemu haitoki bila mimi," akasema.

"Basi, mama, hakuna jinsi."

"Kwani nimesema mimi sitoki?"

Nikadhani anatania. Kesho yake saa kumi alasiri nilimkuta amekaa barazani, kanga mpya, kijimkeka kimekunjwa kwapani, ananingoja kama abiria. Nikampakia nyuma ya baiskeli, ameketi upande, mkono mmoja umeshika kiti na mwingine umeshika mnyororo wa saa, tukapita Msamvu watu wakitutazama. Jirani yetu Mama Asha alituona, akacheka mpaka akakaa chini. "Bi. Tatu, waenda wapi na mtoto wa watu?" "Kazini!" akajibu Bi. Tatu, bila kugeuka. Baadaye watu wakasema mengi, mjane na kijana wa Kikristo, baiskeli moja. Niliona aibu, nikamwambia. "Waache waseme," akasema. "Wakichoka watalala."

Ikawa hivyo, siku tatu kwa wiki na Jumapili baada ya misa. Bwawa lilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na harufu ya mkonge uliokwisha kutolewa nyuzi, harufu nzito ya kuoza, ambayo mwanzoni ilinitapisha na baadaye nikaacha kuisikia. Bi. Tatu alitandika mkeka juu ya tuta, karibu na nyumba ya pampu. Tulikubaliana hivi: kila mizunguko minne atainua kitambaa cheupe, nami nitakiona nikigeuka ukutani. Kitambaa cha nne ndicho cha mwisho. Siku ya kwanza nilitumia saa moja na dakika ishirini na sita, nikatoka natetemeka, siwezi kufunga kifungo. Bi. Tatu aliniangalia kwa muda. "Mguu wako wa kulia," akasema, "umelala tu. Unauburuta kama mkia." Hakuwahi kuingia majini zaidi ya magoti katika maisha yake, lakini ilikuwa kweli. Nikaanza kuupiga ule mguu. Mwezi wa tatu nilikuwa nimefika saa moja na dakika ishirini na moja, au dakika themanini na moja, kama alivyopenda kusema yeye. Hakutaka kusikia habari za "saa moja na". "Dakika themanini na moja," alitangaza, kama anayesoma ratiba ya treni. Kila mara nilipotaja saa, alinisahihisha.

Mvua za masika zikaja, bwawa likajaa hadi kwenye magogo, tukaenda hivyo hivyo, yeye chini ya mwavuli wa marehemu. Tukirudi nyumbani chakula kilikuwa tayari jikoni, maana alikuwa amekipika mchana na kukifunika: wali wa nazi na maharage, au bada ya unga wa muhogo na perege wa kukaanga, na siku ambazo nilitoka vizuri, ndizi za kwetu milimani alizonunua kwa wanawake walioteremka na vikapu. Tulikula ukumbini, kila mtu na sahani yake, na mazungumzo yalikuwa maji matupu. "Ulipogeuka mara ya tisa ulikunywa maji." "Nilikunywa." "Kwa nini?" "Mdomo ulifunguka mapema." "Basi uufunge." Fundi viatu alitoka chumbani kwake kusikiliza tu. Aliniambia hajapata kusikia mama mwenye nyumba na mpangaji wakizungumza hivyo bila neno la kodi. Nikiwaza leo, naona kwamba sijawahi kuangaliwa vile na mtu yeyote, si mwalimu, si padri, wala mke wangu, Mungu anisamehe. Mtu aliyekaa saa nzima kwenye mkeka akitazama mguu wako wa kulia. Wakati ule niliona ni haki yangu.

Kabla ya Ramadhani nilifika dakika sabini na nane. Zilibaki nane. Nikasema Juni nitakuwa nimemaliza, nitabaki na kazi ya kunoa tu. Na hapo ndipo nilipokwama. Sabini na nane. Wiki iliyofuata, sabini na nane na nusu. Bi. Tatu alikuja huku amefunga, midomo mikavu, anasubiri magharibi, na hakukosa hata siku moja. Sabini na nane. Idi ikapita. Juni ikaleta baridi, upepo kutoka milimani ukawa unakwaruza maji, na mimi nikaongeza: nikaacha sigara nilizokuwa navuta kwa kujificha, nikapanda mlima hadi juu ya Kigurunyembe na kushuka mbio kila asubuhi kabla ya kazi, nikajipaka mafuta ya nazi mwili mzima kwa sababu Fidelis alisikia kwamba samaki ni mtelezo. Nilihisi mikono yangu imekuwa mingine. Nilihisi maji yanapita ubavuni kwa kasi nisiyoijua. Halafu natoka, nauliza, na Bi. Tatu anatazama saa kwa muda mrefu na kusema, "Sabini na nane." Siku moja ikawa themanini. Nilipiga tuta kwa ngumi. Yeye akakunja mkeka polepole.

Nikawa sikaliki. Kazini nilipiga randa ubao mmoja hadi ukawa mwembamba kama kifuniko cha kitabu, fundi mkuu akaniuliza kama natengeneza mlango au bahasha. Nyumbani nikarudia kutembea ukumbini. Sikumaliza chakula. Niliamini kwamba mwili wangu umefika mwisho wake nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwamba hiki ndicho kipimo changu na nitakaa nacho mpaka kufa, na wazo hilo liliniwasha mwili mzima kama upupu. Jioni moja nikiwa chumbani, dirisha wazi, nikamsikia Mama Asha akiongea na Bi. Tatu uani, wanamenya muhogo.

"Na huyu kijana wako, atafika kweli hiyo Dar es Salaam?"

"Bado," akasema Bi. Tatu.

"Bado mpaka lini?"

Nikasikia kisu kikikwangua. "Mpaka nitakapochoka mimi."

Mama Asha akacheka, nami kitandani nikaona uchungu. Nilifikiri amechoka nami, anangoja tu nikate tamaa ili apumzike. Kesho yake nikamwambia kwamba kama ni taabu asije tena. Akashtuka, akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nani amesema taabu? Baiskeli iko wapi?"

Agosti ikaanza kuisha. Padri wa parokia alikuwa tayari kutia sahihi, ananingoja mimi tu. Fidelis alinijia wakati wa mapumziko ya mchana, akakaa juu ya rundo la mbao. "Andika tu sitini na tisa," akasema. "Nani atajua? Ukiwa baharini utaenda mbio kwa woga wa papa." Nikamwambia siwezi kumpa padri uongo autie sahihi. "Basi mpe mimi, nitautia mimi." Tulicheka, lakini nilikuwa nimekwisha kuamua. Siku ya mwisho ya Agosti niliogelea tena. Sabini na nane. Nilivaa suruali yangu juu ya kaptura mbichi, nikamwambia Bi. Tatu kwamba basi, mwaka huu imeshindikana. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Njia nzima hadi nyumbani hakusema kitu, na mimi nilimshukuru moyoni kwa kuniheshimu.

Katikati ya Septemba akashikwa na homa. Alilala siku nne, Mama Asha akimkanda. Mimi nilikwenda bwawani kwa mazoea tu, miguu ilijipeleka, na Fidelis akaja kunihesabia na saa ya kuazima. Niliogelea bila hamu. Nikiwa bado na pumzi, bado najisikia ninaanza kupata moto, nikaona Fidelis anapunga shati kama mwendawazimu. "Toka! Kumi na sita! Dakika sitini na tisa!" Nikamtukana. Nikamwambia yeye hata mbao hawezi kuhesabu, ameruka mizunguko miwili. Akaapa. Tukabishana mpaka fundi wa pampu akatoka kutazama. Kesho kutwa tukarudi, na safari hii Fidelis akachonga vijiti kumi na sita, akawa anachomeka kimoja kwenye udongo kila nikigusa ukuta. Nilipotoka nilivihesabu mwenyewe, maji yananichuruzika, mara mbili. Kumi na sita. Saa ikasema sitini na tisa kasoro kidogo. Fidelis akaanza kucheza pale juu ya tuta. Mimi pia nikacheza. Tulikumbatiana, tukaangushana. Ilikuwa tumefika Msamvu, nikisukuma baiskeli, ndipo miguu yangu iliposimama yenyewe. Fidelis akaendelea hatua kadhaa akiongea peke yake kabla ya kugeuka. Akaniangalia usoni, na kicheko kikamwisha. "Hapana," akasema. "Bi. Tatu? Hapana, bwana."

Nilimkuta ameketi barazani kwa mara ya kwanza tangu homa, kanga mbili mabegani, bakuli la uji mikononi. Nilisahau shikamoo. Nilimuuliza tu, "Mama, huwa naenda mizunguko mingapi kule?"

Hakujifanya hajaelewa. Aliweka bakuli chini, akalisogeza mbali na mguu wake.

"Kumi na minane," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu baada ya Idi. Ndani ya Ramadhani ilikuwa kumi na saba."

"Kwa nini?"

"Ya kwanza nilikosea. Wanawake wa mkonge walipita wakanisalimu, nikapoteza hesabu, ukaenda mmoja zaidi. Ukatoka, ukauliza, ukalaumu mguu. Hukujua." Alipumua. "Nikaona kumbe unakaribia. Ukimaliza utakwenda zako Dar es Salaam, na kama hukwenda, utaacha. Bwawa litakwisha."

"Bwawa litakwisha!" Nilipiga kelele, na watu wa barabarani wakageuka. "Mwaka wangu, mama! Karatasi yangu!"

"Niliolewa na miaka kumi na minne," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. "Nimetoka jiko la mama yangu nikaingia jiko la mume. Amekufa, nimebaki na jiko. Sijapata kuwa na mahali pa kwenda jioni. Watu wananiuliza, unakwenda wapi, nasema kazini." Akanitazama. "Sikusema nimefanya vizuri. Umeniuliza kwa nini."

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Niliyasema yote barazani, mbele ya Mama Asha na fundi viatu, na la mwisho lilikuwa mwizi. Kisha nikaingia ndani, nikabeba sanduku langu la mvule begani, nikahamia kwa Fidelis.

Oktoba mashindano yalifanyika. Fidelis aliniletea gazeti bila mzaha, akaniacha peke yangu nalo. Walikuwa wamechapa majina na dakika. Nilijiweka katika ile orodha kwa kidole: ningekuwa wa tano. Wa tano tu, lakini jina langu lingesomwa. Niliendelea kwenda bwawani, nikaogelea kwa hasira, na hasira, wanaoogelea wanajua, inakaza shingo na kufupisha mkono. Muda ukapanda hadi sabini na mbili, sabini na tatu. Mwembesongo nilikuwa nikiipita kwa mbali. Niliwaambia watu kisa changu, nao wakasikitika, na kila nilipokisimulia nilihisi nimekula chakula kisichoshibisha.

Desemba nilipata kazi Dar es Salaam, karakana kubwa ya samani. Siku tatu kabla ya safari, bila kumwambia Fidelis, nikaenda kuaga. Nilijiambia ni kwa sababu ya adabu. Nimekaa kwake miaka miwili, nimekula chakula chake. Alikuwa ukumbini anashona mkeka. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba, karibu, kama nilikuwa nimetoka dukani. Nikamwambia naondoka Jumamosi. Akaitikia kwa kichwa. Nyundo ya fundi viatu ilisikika kutoka chumbani kwake. Kisha akaanza kusema, macho kwenye ukindu wake.

"Ile Jumatano ya manyunyu, ulipokwaruzwa na gogo, sitini na tisa na nusu. Siku uliyokuja umegombana na fundi wako, sitini na nane. Jumapili ya mwisho ya Julai, sitini na saba."

"Unasema nini, mama?"

"Ulipogusa ukuta mara ya kumi na sita nilitazama saa. Kila siku. Nikakaa nayo, ukaenda ile miwili ya juu polepole, umechoka, nikatazama tena nikakupa ya pili. Ya kwanza nilikuwa naiweka." Akagonga kifua chake kwa kidole chenye sindano. "Zote ninazo. Unataka?"

Nilitaka. Nilikaa kwenye sakafu ya ukumbi, mgongo ukutani, akanihesabia siku sitini na kitu, moja baada ya nyingine, hali ya upepo, nilichokula, mguu ulikuwaje, na dakika za kweli. Zilishuka kama ngazi, kidogo kidogo, bila kukwama popote hadi mwisho wa Julai. Sitini na saba. Niliingia mashindano ya bandarini mara mbili baadaye, nikiwa nakaa Dar es Salaam, na jina langu lilisomwa, la saba na kisha la sita; sikuwahi kuteremka tena chini ya sitini na tisa. Muda wangu bora kuliko yote niliuogelea Jumapili moja ya Julai huku nikidhani nimeshindwa, na aliyeujua ni mtu mmoja tu. Alipomaliza nilikuwa nalia, na sikujua kama ni kwa uchungu au kwa furaha, na mpaka leo sijui. Yeye hakulia. Aliuliza tu kama baiskeli ninayo.

Tulikwenda. Ilikuwa kama saa kumi, mvua za vuli zilikuwa zimepita mchana na barabara ya Msamvu ilikuwa na madimbwi. Nilisikia pumzi yake mgongoni kila nilipoyakwepa. Alitandika mkeka palepale. Nikaingia majini. Sikuwa na karatasi ya kupeleka wala tarehe ya kuwahi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule shingo yangu ililegea. Kitambaa kikapanda, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne hakukiinua tu, alisimama kabisa juu ya tuta, amekishika kwa mikono miwili, akaita kwa sauti yake ya kukatiza barabara, "Kumi na sita, Kasiani! Kumi na sita za haki! Toka!"

Nikagusa ukuta. Nilimwona vizuri, kanga imelowa pindoni, saa inaning'inia kwenye mnyororo wake. Jua lilikuwa bado halijafika milimani. Nikavuta pumzi, nikausukuma ukuta kwa miguu, nikarudi tena kuelekea kwenye magogo, na nilipogeuza uso kupumua nilimwona akikaa chini taratibu kwenye mkeka wake, akiweka kitambaa mapajani, ananitazama.